Somo la Mwezi: Jua Halibabui Ngozi Peke Yake



Ukiwa na ng'ombe wa gredi mwenye mabaka meusi na meupe, naye akaanza kubabuka ngozi, usikimbilie dukani kununua dawa ya kupaka. Kwanza mtazame. Wala usitazame kidonda. Tazama mpaka wa rangi. Fuata kwa kidole mahali ambapo ngozi nyeupe inakutana na nyeusi. Ikiwa sehemu nyeupe imevimba, imepasuka na inabambuka kama gome la mti, na hatua moja tu upande wa pili ngozi nyeusi ni nzima kabisa, basi umekwisha kupata habari kubwa kuliko yote. Ugonjwa unaofuata rangi namna hii umeletwa na jua. Lakini jua halikuja peke yake, na somo letu la mwezi huu ni juu ya huyo mwenzake.

Hapa Nyamache twapata habari za ng'ombe wa namna hii hasa wakati wa ukavu, nyasi zinapokuwa haba. Mwenye ng'ombe husema hivi: siku ya kwanza alikataa chakula. Siku ya pili alikuwa akitafuta kivuli, na machozi yanamtoka. Kisha pua na midomo ikawa myekundu, masikio yakalegea, na alipokamwa alipiga teke ndoo. Yeye ambaye hajapata kupiga teke tangu anunuliwe! Wengine humchapa kwa kosa hilo. Usimchape. Chuchu za ng'ombe mweupe kiweleni huungua kama ngozi nyingine yoyote, na mkono wako juu yake ni maumivu matupu. Kwa sababu hiyo hiyo hufukuza hata ndama wake.

Watu hutafsiri mambo haya kwa njia nyingi. Mmoja atasema ni kupe. Mwingine atasema ni ule ugonjwa wa mapele ya ngozi ambao hukatazwa kuhamisha ng'ombe. Na wapo ambao, wakiona ng'ombe mmoja ameugua na mwenzake katika zizi hilo hilo ni mzima, huanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Ule ugonjwa wa mapele hauchagui rangi. Vinundu vyake hutokea penye weusi na penye weupe pia, na ng'ombe huwa na homa kali. Mashilingi ya ndama huwa ya mviringo na hayana maumivu makubwa. Ugonjwa wa miguu na midomo humfanya ng'ombe atoe mate mengi na kuchechemea. Ukiona lolote kati ya hayo, au ukiwa na shaka, habari hiyo ni ya kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Ama yule jirani, kagua uzio wako kabla hujamkagua yeye.

Nasema uzio kwa sababu mara nyingi ndipo ubaya ulipo. Kiko kichaka kinachoitwa lantana, nawe wakijua hata kama jina hulijui. Majani yake hukwaruza, na ukiyasugua viganjani hutoa harufu kali. Shina lina pembe nne na vijiba vidogo. Maua yake ni madogo sana, yamekusanyika pamoja kama kifungo cha shati, ya katikati ni ya manjano na ya pembeni ni ya waridi, ya rangi ya chungwa au mekundu. Matunda ni ya kijani, yakiiva huwa meusi, na watoto huyachuma. (Wakataze yale ya kijani, yaweza kuwadhuru vibaya.) Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Kilichukuliwa duniani kote kwa uzuri wa maua yake, kikapandwa penye bustani na mipaka ya mashamba, ndege wakala matunda na kueneza mbegu, na leo kiko kando ya kila njia.

Ndani ya majani ya lantana mna sumu ambayo wataalamu huiita lantadini. Sumu hii haigusi ngozi hata kidogo. Huenda kwenye ini.

Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa hiyo tuende polepole. Ng'ombe akila majani, yale ya kijani yaliyomo huvunjwavunjwa na vijidudu katika tumbo lake kubwa. Katika kuvunjwa huko hutokea kitu kiitwacho filoerithrini. Kila ng'ombe anayo, wako na wangu, na kila siku. Ini huichukua kutoka katika damu, huitia katika nyongo, na nyongo huitoa nje pamoja na mavi. Ini ni kama mfereji wa kuondoa maji machafu zizini: ukiwa wazi, huoni taabu yoyote. Sasa lantadini ikiharibu ini, mfereji umezibwa. Filoerithrini haina pa kutokea, hurudi katika damu na kufika hata kwenye ngozi. Na tabia yake ni kwamba mwanga ukiifikia huwaka, si kwa moto wa macho, bali kwa kuunguza nyama iliyo karibu nayo. Penye ngozi nyeusi mwanga hauingii ndani, basi hakuna kinachotokea. Penye ngozi nyeupe, hasa palipo na nywele chache kama puani, masikioni, machoni na kiweleni, mwanga huingia bila kizuizi.

Jambo hili halikujulikana jana. Huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, wataalamu Rimington na Quin walikuwa wakichunguza ugonjwa wa kondoo ambao wakulima wa huko waliuita geeldikkop, maana yake kichwa kinene cha manjano. Wao ndio walioonyesha kwamba filoerithrini ndiyo iliyowafanya kondoo waungue juani. Mmea uliowadhuru kondoo wale haukuwa lantana, lakini njia ya ugonjwa ni ile ile: mmea huharibu ini, ini huacha taka katika damu, na jua humaliza kazi.

Neno manjano ni la kushika. Funua ukope wa ng'ombe, tazama weupe wa jicho. Tazama na ufizi. Ukiona umanjano, ini limeguswa. Ikiwa hakuna umanjano wowote, huenda alikula mmea wenye kitu kinachoenda moja kwa moja kwenye ngozi, au ni dawa. Wazee watakumbuka dawa ya minyoo iitwayo fenothiazini, iliyotumiwa sana miaka ya 1940 na 1950. Ndama walionyweshwa hiyo na kuachwa juani walipata ugonjwa wa macho. Kwa hiyo daktari akikuuliza ng'ombe alipewa dawa gani wiki iliyopita, hakutafuti makosa. Mpe chupa asome mwenyewe.

Utauliza: mbona lantana iko hapa miaka yote na ng'ombe hawafi kila siku? Ni swali zuri. Ng'ombe aliyekulia penye lantana huwa haili kwa hiari. Anayeila ni mwenye njaa, au mgeni. Nawaandikia hasa ninyi mlio kwenye mashamba ya makazi, kwa maana ng'ombe wenu husafiri. Ng'ombe hununuliwa Borabu au Sotik, alikozoea nyasi nzuri, hufika kwa gari jioni akiwa na njaa, hufungwa kamba kando ya uzio apate kula huku mwenyewe akitafuta nyasi za nepia. Usiku huo hula anachokifikia. Na si lazima ale sana. Ikiwa kichaka ni cha aina kali, ng'ombe wa kilo 400 aweza kudhurika kwa kilo 4 hivi za majani mabichi. Watu husema yenye maua mekundu ndiyo mabaya. Ni kweli kwamba aina hazilingani kwa ukali, lakini mimi singempa ng'ombe wangu hata moja kwa kuitegemea rangi ya maua. Tena sumu haipotei jani likinyauka. Matawi uliyokata jana na kuyatupa zizini ni hatari kama yale yaliyo mtini.

Basi ng'ombe amekwisha kuugua, ufanye nini? Mtoe juani mara moja, umweke bandani penye giza kiasi, si chini ya mti ambao kivuli chake huhama. Kama banda lina nafasi kubwa kati ya mbao, funika kwa magunia upande wa jua. Hii si huruma tu, ndiyo nusu ya matibabu, na haikugharimu kitu. Mpe maji mengi safi. Kwa siku hizo usimpe majani mabichi, kwa sababu yale ya kijani ndiyo yanayozaa filoerithrini. Mpe nyasi kavu au mabua makavu ya mahindi. Akiwa na nguvu ya kutoka, na atoke usiku, mahali ambapo una hakika hakuna lantana.

Kisha mpigie simu daktari wa mifugo, na usingoje hadi ngozi ibambuke. Sababu ni hii: sumu ya lantana husimamisha kazi ya tumbo kubwa. Majani yaliyoliwa hukaa mle ndani siku nyingi, na sumu huendelea kuingia mwilini polepole ingawa ng'ombe ameondolewa penye kichaka zamani. Ndiyo maana mwingine huonekana ana nafuu, kisha hufa baada ya wiki mbili. Daktari aweza kupitisha mpira hadi tumboni na kumpa makaa maalumu ya dawa, kilo mbili au zaidi kidogo zilizokorogwa katika maji mengi, ili yashike sumu iliyobaki. Makaa hayo siyo ya jikoni. Ukisaga makaa ya jikoni na kumnywesha kwa chupa hupati faida ile, na waweza kumtia maji mapafuni akafa kwa mkono wako. Nimesikia pia watu wakimpaka ng'ombe oili chafu ya gari penye vidonda. Oili hiyo ni sumu nyingine. Osha vidonda kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, yakisha kupoa, ufukuze nzi kwa dawa aliyoitaja daktari, maana funza wakiingia chini ya ngozi iliyokufa taabu inakuwa mara mbili. Maziwa ya ng'ombe huyo usiyanywe wala usiyapeleke kwa mnunuzi mpaka daktari akwambie.

Ngozi ikianguka, usikate tamaa. Ini likipona, nayo ngozi mpya huota chini yake. Lakini kazi ya kuuondoa uzio ule ianze wakati bado unakumbuka maumivu. Kukata tu hakufai, shina huchipuka tena. Chimba mizizi, kausha matawi mbali na wanyama, uyachome. Mahali pake wengi hupanda kaiyaba, nayo hufanya uzio mgumu sana. Mimi ningependa zaidi upande kaliandra, kwa sababu ng'ombe aila. Miche 500 hivi, iliyopandwa mipakani na kukatwa kwa zamu, yaweza kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 za majani mabichi kila siku, na hizo hukaribia kazi ya kilo 2 za chakula cha dukani. Uzio uliokuwa ukiua ng'ombe sasa unapunguza gharama za maziwa. Kwa aliye na ekari moja na nusu, hesabu hiyo si ndogo.

Sasa tuingie nyumbani. Sitaki mtu afikiri namlinganisha binadamu na ng'ombe, ila ngozi ni ngozi, na jua la Nyamache ni moja. Tuko chini ya nyuzi moja kusini ya ikweta, tena juu ya milima, ambako hewa ni nyembamba na miale hufika ikiwa na nguvu zaidi. Baridi ya asubuhi hutudanganya. Siku ya mawingu pia hutudanganya, kwa kuwa miale inayounguza hupenya mawingu mepesi.

Hata kwa watu, jua mara nyingi huwa na mwenzake. Kuna mtu aliyepewa dawa ya doksisaiklini, akaenda kuchuma chai siku mbili, akaungua uso na mikono kuliko wenzake. Dawa ndiyo mwenzake jua. Asiiache mwenyewe, arudi kwa mganga wa zahanati akamweleze. Kuna aliyekamua ndimu nyingi kwa ajili ya sherehe, akakaa juani bila kunawa, kesho yake mikono ina malengelenge na baadaye madoa meusi. Kuna upele wa wachumaji wa pareto, ambao huletwa na ua lenyewe na kuzidishwa na jasho na jua. Na ukiona mtoto au mzee anayekula ugali mtupu miezi mingi amepata ngozi nyeusi iliyokauka mikononi na shingoni, kama amevaa mkufu, huenda ni pelagra. Huyo anahitaji hospitali, maharagwe, karanga, maziwa na nyama, wala si mafuta ya kupaka.

Lakini yuko mtu ambaye jua halihitaji mwenzake yeyote ili kumdhuru. Ni yule aliyezaliwa na ualbino. Tulisema kwamba weusi wa ngozi ya ng'ombe huzuia mwanga. Weusi huo huletwa na kitu kiitwacho melanini, na mwenye ualbino hana ya kutosha. Hajalaaniwa, wala mama yake hakukosea. Wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni weusi kama mimi na wewe, walibeba urithi huo bila kujua, na kila uzazi wao una nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto wa namna hiyo. Sensa ya mwaka 1969 na zilizofuata hazikuwahesabu peke yao. Ile ya mwaka 2019 iliwahesabu, ikapata watu 9,729 katika Kenya. Wengi wao ni watoto wa wakulima.

Mtoto huyo hafi kwa jua la siku moja. Huungua leo, hupona, huungua tena, na baada ya miaka mingi ya kuungua ngozi huanza kufanya saratani, mara nyingi angali kijana. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni ya kila siku, na nyingi haihitaji fedha. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, ufunike masikio na shingo. Ile kofia ya mpira yenye ulimi mbele tu huacha masikio, na masikioni ndipo vidonda hupenda kuanza. Shati liwe la mikono mirefu na kitambaa kizito. Kinyanyue mbele ya taa: ukiona mwanga unapita, jua nalo litapita. Kazi za shambani afanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kati ya hapo kuna kukama bandani, kuku, vitabu vya hesabu, kupima majani ya chai kituoni chini ya paa. Asifanywe mvivu, wala asitumwe kupalilia saa sita kwa kisingizio cha usawa na ndugu zake.

Nilifunzwa ualimu kabla ya kuja ofisi hii, basi walimu wataniwia radhi nikiwagusa. Mtoto huyu haoni mbali. Aketi mbele, karibu na ubao, lakini si dirishani. Wakati wa gwaride na michezo asimame kivulini, na asiadhibiwe kwa kuvaa kofia ambayo si ya sare. Jaji Mumbi Ngugi, aliyeingia Mahakama Kuu mwaka 2011, ana ualbino. Naye pia aliwahi kukaa darasani akihangaika kusoma ubaoni.

Mafuta ya kukinga jua yapo. Serikali hununua na kuyagawa bila malipo kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, nao mpango huo umekwisha kupita miaka kumi. Mtoto hana budi kuandikishwa kwanza, na kabla hujapanda gari kwenda kuyachukua ni vema kuuliza kwa simu kama yamefika, kwa maana hupungua. Yapakwe dakika 20 kabla ya kutoka, yarudiwe kila baada ya saa mbili. Hayachukui mahali pa kofia. Krimu za kung'arisha ngozi zisimguse kabisa.

Mara moja kwa mwezi, mvue shati mahali penye mwanga, umkague uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Kidonda kilichokaa wiki nne bila kupona, au kigaga kinachoanguka na kurudi pale pale, au kinundu kinachotoa damu kikiguswa, apelekwe hospitali akiwa bado anacheza na kula vizuri. Kikikatwa kingali kidogo kama punje ya mahindi, ni kazi ya asubuhi moja, na jioni mtoto yuko nyumbani.